Diski ya Mnunuzi na Diski ya Mkodi: Kisa cha Slumdog Millionaire, 2009

Jumanne ya tarehe 31 Machi 2009, diski za filamu ya Slumdog Millionaire ziliingia madukani Marekani. Zilikuwa zimepita wiki tano na siku mbili tu tangu filamu hiyo iondoke na Oscar nane, ikiwemo ile ya filamu bora, na watu walikuwa na hamu nayo. Walioinunua walisoma nyuma ya kasha kwamba ndani mna vipande vilivyoachwa wakati wa uhariri, mna mazungumzo ya mwongozaji Danny Boyle na mwigizaji Dev Patel yanayosikika juu ya filamu nzima, mna kipindi kinachoonyesha jinsi kazi ilivyofanyika India. Wakarudi nyumbani, wakatia diski kwenye deki, wakafungua menyu. Filamu ilikuwepo. Hayo mengine hayakuwepo.

Diski zenyewe hazikuwa na kasoro. Hazikukwaruzika, hazikukwama, zilicheza mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana malalamiko yalikuwa ya aina yake: mtu alikuwa na bidhaa nzima mkononi, na bado alichoahidiwa kwenye kasha hakukipata.

Taarifa ya kwanza ya Fox, studio iliyoitoa diski hiyo, ilitaja tatizo la uzalishaji bila kusema ni tatizo gani. Tarehe 1 Aprili, Fox na kampuni yake ya Fox Searchlight wakaomba radhi rasmi, wakaeleza kuwa kituo cha simu na tovuti vinaandaliwa ili waliouziwa wabadilishiwe. Nakala za Blu-ray, yaani diski za picha ya ubora wa juu kuliko DVD, kwa taarifa zilizotolewa, hazikuguswa. Na kilichotokea kikajulikana: makasha ya nakala za kuuza yalikuwa yametiwa diski za kukodisha.

Kosa la kiwandani lilifichua uamuzi wa ofisini. Kabla ya siku ile, mtazamaji wa kawaida hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba filamu moja inaweza kuchapwa kwenye diski mbili tofauti, moja ya dukani na nyingine ya kwenye mashine ya kukodisha. Kumbe Fox ilikuwa imeanza kufanya hivyo hivyo kwa filamu zake mpya. Nakala ya kuuza ilikuwa na kila kitu. Nakala ya kukodisha ilikuwa na filamu, na kwa kawaida vionjo vya filamu nyingine vilivyotangulia. Watu waliposikia hilo hasira zao zilihama. Kubadilishiana makasha ni bahati mbaya, husameheka; ila kumpa mkodi diski iliyopunguzwa kwa makusudi ni jambo ambalo mtu alikaa mezani akaliamua.

Naandika juu ya kisa hiki kwa sababu naona hakikupewa uzito wake. Wengi walikichukulia kama kero ya wapenzi wa filamu wenye muda wa ziada. Mimi nakiona kama mahali ambapo watazamaji wa kipato kidogo walinyang'anywa darasa.

Tuanze na kile kilichoondolewa, maana neno "nyongeza" linakifanya kionekane kidogo. Nakala kamili ya Slumdog Millionaire ilikuwa na sauti mbili za maelezo. Ya kwanza ni ya Boyle na Patel. Ya pili ni ya mtayarishaji Christian Colson na mwandishi wa muswada, Simon Beaufoy. Mtazamaji alichagua sauti anayoitaka kwenye menyu, kisha filamu ikaanza upya huku mtu aliyeitengeneza akimweleza tukio baada ya tukio kwa nini kamera imewekwa pale, nani hakuwa mwigizaji wa kazi, wapi fedha ziliisha, lipi lilibadilishwa dakika ya mwisho.

Fikiria filamu hii hasa. Ilitengenezwa kwa bajeti ya takribani dola milioni 15, kiasi kidogo kwa filamu iliyokuja kushinda Oscar. Mpiga picha Anthony Dod Mantle alitumia kamera ndogo za kidijitali ili aweze kupita kwenye vichochoro vya mitaa ya mabanda ya Mumbai bila msafara wa taa na magari. Karibu theluthi ya mazungumzo ni ya Kihindi, na Loveleen Tandan, aliyetajwa kama mwongozaji mwenza wa upande wa India, alikuwa na mchango mkubwa katika kuwapata watoto wanaoigiza na katika lugha wanayoizungumza. Kijana mwenye kamera ndogo, popote alipo, mwenye ndoto ya kutengeneza filamu mtaani kwao, hapati mfano wa kujifunzia ulio karibu na hali yake kuliko huu. Na mafunzo yenyewe hayako kwenye filamu. Filamu inaficha jinsi ilivyotengenezwa. Ndiyo kazi yake. Mafunzo yako kwenye sauti ya maelezo na kwenye vipande vilivyokatwa, pale unapoona tukio zuri lililopigwa picha vizuri na ukaelezwa kwa nini halikufaa.

Filamu hii hii nusura isionyeshwe sinema Marekani. Warner Independent Pictures, waliokuwa na haki za kuisambaza huko, walifungwa na kampuni mama Mei 2008, na Warner ikawa na shaka kama filamu ingeuzika. Ikazungumziwa kupelekwa kwenye DVD moja kwa moja. Fox Searchlight wakaingia ubia, wakaipeleka kwenye sinema Novemba mwaka huo. Kwa hiyo kampuni iliyoiokoa filamu isizikwe kwenye diski ndiyo iliyoipunguza ilipofika kwenye diski. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kuwa Fox haikuwa kampuni isiyojua thamani ya ilichokuwa nacho.

Mtu anaweza kusema labda ilikuwa suala la nafasi au gharama ya plastiki. Hesabu haikubali, angalau kwa sauti za maelezo. Kwenye DVD, sauti hiyo hukaa kama mkondo wa pili sambamba na sauti ya filamu, na mkondo wa chaneli mbili kwa kawaida hutumia kilobiti 192 kwa sekunde. Filamu ina dakika 120, sawa na sekunde 7,200. Ukizidisha na kugawa unapata kama megabaiti 173. DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, ya matabaka mawili 8.5. Maelezo yote ya Boyle na Patel yanakula chini ya asilimia 4 ya diski ndogo kuliko zote. Vipindi vya picha ndivyo vinavyohitaji nafasi, na hapo kweli diski ya tabaka moja ingebana. Lakini sauti? Sauti ingeingia bila mtu kuhisi. Tena kutengeneza diski ya pili maana yake ni kuandaa menyu ya pili, bamba la pili la kiwandani, ghala la pili, na hatari ya kuchanganya makasha, ambayo ndiyo iliyotokea.

Jibu liko kwenye sheria, na hapa inabidi turudi nyuma miaka mia moja.

Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus. Mchapishaji alikuwa amechapa ndani ya kitabu onyo kwamba kisiuzwe chini ya dola moja. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema mchapishaji akishauza nakala, mamlaka yake juu ya nakala ile yamekwisha. Mwenye kuinunua aiuze kwa bei aitakayo. Kanuni hiyo ya mauzo ya kwanza leo imo katika kifungu cha 109 cha sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976. Ndiyo inayoruhusu duka la vitabu vya mitumba, ndiyo inayoruhusu maktaba, na ndiyo iliyoruhusu biashara ya kukodisha filamu kuzaliwa Marekani bila kuomba idhini ya studio yoyote. Ukinunua kaseti, ni yako, ikodishe.

Kampuni za muziki zilipata ulinzi mwaka 1984: kukodisha santuri bila idhini kukapigwa marufuku. Programu za kompyuta zikafuata mwaka 1990. Studio za filamu nazo ziliomba, Bunge halikuwapa. Ulaya ilikwenda njia nyingine. Agizo la mwaka 1992 liliwapa wenye hakimiliki mamlaka ya kuruhusu au kukataza ukodishaji. Kwa hiyo kisa hiki ni cha Kimarekani hasa. Kilizaliwa na pengo la sheria ambalo studio hazikuweza kuliziba mahakamani wala bungeni, zikaamua kuliziba kiwandani.

Zama za kaseti za VHS walikuwa na dawa nyingine, nayo ni bei. Filamu mpya ilitoka kwanza kwa dola 70 hadi 100, bei ambayo mtu wa nyumbani hailipi ila duka la kukodisha litailipa, maana litairudisha kwa kuikodisha mara nyingi. Miezi ikipita, bei inashushwa kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida. Mwaka 1998 Blockbuster, kampuni kubwa ya maduka ya kukodisha filamu, ilikubaliana na studio utaratibu mwingine: duka linapata kaseti nyingi kwa malipo madogo ya mwanzo, kisha mapato ya kukodisha yanagawanywa. Njia zote mbili ziliiweka studio ndani ya pato la mkodishaji.

DVD iliyafuta hayo. Ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1997, Warren Lieberfarb wa Warner alisukuma wazo kwamba diski iuzwe kwa bei ambayo familia italipa tangu siku ya kwanza, kama dola 20 hivi. Wazo lilifaulu kupita matarajio, na kwa miaka kadhaa diski zilikuwa chanzo kikubwa cha pato la Hollywood kuliko sinema zenyewe. Ila lilifungua mlango: kama diski ni dola 20 kwa kila mtu, basi ni dola 20 kwa mkodishaji pia. Netflix, waliokuwa wakituma diski kwa posta tangu 1998, walinunua na kukodisha. Redbox nao, wenye mashine nyekundu kwenye milango ya maduka ya vyakula, walinunua na kukodisha kwa dola moja kwa usiku. Studio zikitaka kumuuzia Redbox kwa bei ya juu zaidi, Redbox ingemtuma mtu akanunue rejareja kwenye duka la Walmart.

Na kweli walituma. Studio ya Universal iliwataka Redbox wasubiri siku 45 baada ya filamu kutoka. Oktoba 2008 Redbox wakawashtaki katika mahakama ya shirikisho ya Delaware. Agosti 2009 wakawashtaki Fox, kisha Warner. Katikati ya kesi hizo wafanyakazi wa Redbox walikuwa wakienda kwenye maduka makubwa kununua diski rejareja, wanazitoa kwenye makasha yake na kuzitia kwenye mashine. Kanuni ya mwaka 1908 iliwalinda. Aliyenunua amenunua.

Sasa ukiitazama diski iliyopunguzwa ya Machi 2009 kwa jicho hilo, inaeleweka. Huwezi kuuza kitu kimoja kwa bei mbili kama mnunuzi wa bei kubwa anaweza kwenda kusimama kwenye foleni ya bei ndogo. Unachoweza ni kutengeneza vitu viwili. Wachumi wanakijua kitendo hiki tangu zamani za reli za Ulaya, na wameshaeleza kuwa mara nyingi bidhaa ya chini inaharibiwa kwa makusudi, hata kwa gharama, ili mwenye uwezo asivutiwe nayo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hapa. Kuondoa sauti ya Boyle hakukuokoa senti. Kulikusudiwa kuumiza kidogo.

Aliyeumizwa ni nani? Hapa ndipo nisipokubaliana na waliosema kwamba mkodi analipa dola moja na anastahili cha dola moja. Hoja hiyo ingesimama kama mkodi angeshushiwa bei. Hakushushiwa. Mteja wa Netflix aliyekuwa akilipa ada yake ya mwezi Februari 2009 na kupata diski nzima, Aprili alilipa ada ileile na kupata diski iliyopungua. Duka la kukodisha la mtaani halikubandika tangazo kwamba filamu ya Fox ya wiki hii haina maelezo ya mwongozaji. Upungufu ulihamia kwa mteja kimya kimya, na kama makasha yasingechanganywa kule kiwandani, wengi wangedhani tu kwamba filamu fulani haikutengenezewa nyongeza.

Baadaye ikawa mbaya zaidi kwa maoni yangu. Studio nyingine zilipofuata njia hiyo, diski za kukodisha zilianza kuja na menyu inayoonyesha nyongeza zote kwa majina. Unabonyeza, inatokea bango linalokueleza kuwa diski hii ni ya kukodisha, ina filamu pekee, na ukitaka hayo mengine nunua yako. Majina ya milango yameandikwa na milango imefungwa. Ongeza vionjo ambavyo kitufe cha kuruka kimezimwa, kwa kuwa DVD inampa mtengenezaji uwezo wa kuvifunga vitufe kadhaa vya rimoti kwa sehemu anayoitaka. Mtu aliyelipa alitendewa kama mgeni asiyealikwa.

Afrika Mashariki tulikuwa tukiangalia mambo haya kwa mbali, na tulikuwa na upungufu wetu. Kwenye ramani ya DVD Marekani ni kanda ya 1; Kenya, Tanzania na Uganda tuko kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Huko Urusi studio zilitoa nakala za haraka na za bei nafuu ili kuwawahi wezi wa filamu, zisizo na nyongeza wala usafishaji wa picha, na nakala hizo ndizo zilizopakuliwa duniani kote na kuchomwa kwenye diski zilizouzwa vibandani. Diski yenye filamu nyingi zilizobanwa pamoja ilikuwa jambo la kawaida Kariakoo na River Road. Nyongeza ndizo za kwanza kutupwa, kwa sababu mchomaji anatafuta nafasi. Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha watengeneza filamu wetu waliotazama kazi za dunia bila kusikia hata mara moja mwongozaji akieleza alichokifanya. Mchomaji wa diski angalau alikuwa na sababu ya kifundi. Fox ilikuwa na nafasi, ilikuwa na sauti zimesharekodiwa, na iliziacha nje.

Sauti ya maelezo kwenye filamu ilianza kama kazi ya kielimu. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ilitoa King Kong kwenye LaserDisc, diski kubwa ya video iliyotangulia DVD, na kwa kuwa diski hiyo ilikuwa na nafasi ya sauti ya pili, mtunza filamu Ronald Haver akaalikwa kueleza filamu ilivyotengenezwa huku ikicheza. LaserDisc ilikuwa ghali, ya watu wachache. DVD ndiyo iliyoshusha darasa lile hadi kwa aliyekodi filamu kwenye duka la jirani. Kwa takribani miaka kumi mtu asiye na ada ya chuo cha filamu aliweza kuwasikiliza waongozaji wakubwa wakifundisha kwa saa mbili, kwa bei ya kukodi. Wapo watengeneza filamu ambao hawakupata darasa jingine zaidi ya hilo. Sijui kipindi kingine katika historia ya sanaa hii ambapo maarifa ya ndani yalikuwa rahisi namna hiyo kufikiwa na asiye na kitu.

Je, mkakati ulifaulu? Ukiupima kwa kile studio zilichofanya baadaye, naona haukuwatosheleza. Mtu anayelipa dola moja kutazama filamu mara moja Ijumaa usiku haendi kulipa dola 20 kwa sababu ya vipande vilivyokatwa. Mpenzi wa dhati wa filamu alikuwa akinunua tangu zamani. Waliobaki katikati, wanaokodi kwanza, wakavutiwa na nyongeza, kisha wakanunua, ndio waliokatiwa njia: nyongeza zilikuwa ndizo kionjo chao, na kionjo kikaondolewa. Studio zikarudi kwenye silaha nyingine, kuchelewesha. Januari 2010 Netflix ilikubaliana na Warner kusubiri siku 28 baada ya diski kuanza kuuzwa. Februari Redbox ikapatana na Warner kwa siku 28 vilevile, na Aprili ikamaliza kesi zake na Universal na Fox kwa masharti ya namna hiyo. Kama kupunguza nyongeza kungetosha, kusingekuwa na haja ya foleni ya mwezi mzima.

Mwezi huohuo wa Aprili 2010 Fox ilitoa Avatar kwenye DVD na Blu-ray bila nyongeza kwa mtu yeyote, mnunuzi wala mkodi. Toleo lenye nyongeza likaja Novemba. Mnunuzi aliyeambiwa mwaka uliotangulia kwamba anunue ili apate kitu kamili, sasa aliambiwa anunue mara mbili. Huko ndiko njia ile ilikokuwa ikielekea, na aliyekuwa amemcheka mkodi akajikuta kwenye foleni moja naye.

Mpaka huohuo ukahamia kwenye faili. Septemba 2009 Apple ilianzisha nyongeza za filamu kwenye iTunes, kwa walionunua, waliokodi hawakuzipata. Netflix ilikuwa imeanza kutiririsha filamu mwaka 2007, na katika utiririshaji karibu nyongeza zote zilitoweka bila ugomvi, kwa kuwa hakukuwa na kasha la kuahidi kitu. Netflix ilituma diski zake za mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Redbox ilianguka pamoja na kampuni mama yake katika ufilisi wa mwaka 2024, na mashine zake, zilizokuwa zaidi ya 20,000, zikaachwa zimesimama milangoni mwa maduka.

Fox ilifanya jambo moja sawasawa, nalo litajwe: ilikiri ndani ya siku moja na ikafungua njia ya kubadilisha. Mnunuzi alifidiwa. Lakini angalia nani aliyefidiwa. Mtu wa dukani aliyepewa diski ya mkodi kwa bahati mbaya aliombwa radhi. Mtu aliyekodi diski hiyohiyo, yenye upungufu uleule, hakuambiwa neno. Kama kuikosa sauti ya Boyle ni hasara inayostahili radhi kwa mmoja, ni hasara kwa mwingine pia, na njia ya haki ilikuwa nyepesi: andika kwenye diski na kwenye orodha ya mkodishaji kwamba nakala hii ni pungufu, na kwa kuwa sauti ya maelezo haili nafasi, iache, ondoa vipindi vya picha tu kama lazima. Mkodi angejua anacholipia, na mwanafunzi wa filamu angebaki na darasa lake.

Diski hizo bado zinazunguka. Wakodishaji waliziuza kwa wingi kama mitumba baada ya miezi ya kwanza, na nyingine ziliuzwa maduka yalipofungwa, kwa hiyo ziko minadani, kwenye maduka ya hisani na mitandaoni, nyingine zimeshabadilishiwa makasha mara kadhaa. Ukinunua DVD au Blu-ray ya Kimarekani ya mwaka 2009 na kuendelea, usitegemee maandishi ya kasha. Muombe muuzaji picha ya diski yenyewe. Nyingi za kukodisha zina uso mtupu wa rangi moja bila picha ya filamu, zimeandikwa neno RENTAL, mara nyingi pembeni ya jina. Kama ni Slumdog Millionaire unayoitafuta, ukishaitia kwenye deki nenda kwenye menyu ya lugha na sauti: nakala kamili ina sauti mbili za maelezo, ya Boyle na Patel, na ya Colson na Beaufoy. Usipoziona zote mbili, irudishe.